Mkono Uchambuao na Kinywa Kivutacho

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza binadamu kwa akili, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa yetu tumeletewa suala na kijana wa hapa pwani akaaye Kanada kwa kazi, nasi tumeona lafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna jambo lililo kubwa kuliko hiyo bangi yenyewe. Asema kwamba katika nchi ile, tangu tarehe 17 Oktoba 2018, sheria imemruhusu mtu mzima kutumia bangi, na katika majimbo mengi kila nyumba yaruhusiwa kupanda miche minne. Yeye akaa nyumba moja na mwenziwe asiyekuwa Mwislamu, mtu mwema aliyemfaa siku za shida. Mwenziwe huyo hupanda miche yake minne uani, na ufikapo mwisho wa Septemba, kabla ya baridi kali kuiharibu, huikata na kuitundika, kisha huomba msaada wa kuichambua, maana kazi ni ndefu na mikono miwili haiimalizi upesi. Kijana auliza: "Mimi sivuti, wala siuzi, wala sili thamani yake. Sheria ya nchi haikatazi. Nikishika mkasi kumsaidia jirani yangu, je, nina dhambi?"

Wanazuoni wametufunza kwamba mtu hawezi kukihukumu kitu asichokijua sura yake. Basi na tuitazame kwanza kazi yenyewe ilivyo.

Mmea wa bangi una dume na jike. Atafutaye kileo huyang'oa madume mapema, ili majike yasishike mbegu. Kwani jike lisiloshika mbegu huzidisha maua na utomvu, na kileo kimo katika utomvu huo. Huyatazama maua kwa kioo cha kukuzia mpaka vile vijitone vya utomvu, vilivyokuwa vyangavu kama maji, vigeuke rangi ya maziwa. Hapo ndipo hukata. Matawi hutundikwa kichwa chini katika chumba cha giza, kisicho na joto jingi wala unyevu mwingi, upepo ukipita polepole, kwa muda wa wiki moja hata mbili, mpaka kijiti kikikunjwa kivunjike kisipinde. Jua huepukwa kwa kuwa joto na mwangaza hupunguza nguvu za kileo, na unyevu huepukwa kwa kuwa huleta ukungu. Kisha ndio kuchambua: majani makubwa hutupwa, na yale madogo yaliyolizunguka ua hukatwa kwa mkasi moja moja, mkasi ukinata utomvu hata hautaki kufunguka, mpaka libaki ua tupu. Mwisho maua hutiwa katika chupa za kioo, na chupa hufunguliwa kila siku zipate pumzi, kwa wiki kadhaa.

Waliowahi kufanya kazi ya karafuu Unguja na Pemba watayatambua mambo haya kwa mbali. Kuna kuchuma, kuna kuchambua karafuu katika makonyo, na kuna kuanika. Wala hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba mchambuaji si mtu wa karafuu kwa kuwa hakupanda mkarafuu wala hakupakia jahazi.

Sasa tuzisikilize hoja. Hoja ya kwanza ni hii isemwayo na vijana wengi, hata hapa kwetu: bangi ni mmea tu, nao umeumbwa na Mwenyezi Mungu kama mchicha. Twajibu: ndiyo, umeumbwa na Mwenyezi Mungu, wala hakuuumba bure. Katika bua lake mna nyuzi za kusokotea kamba. Katika mbegu zake mna mafuta na chakula. Wengi katika maulamaa wa madhehebu yetu ya Kishafi hawakuuhisabu hata kuwa ni najisi, kwa kuwa si kileo cha maji. Lakini tazama, ewe msomaji, ni nini kinachotupwa katika kazi tuliyoieleza. Atakaye kamba hulihifadhi bua na kulirowesha nyuzi zipate kuachana. Huyu bua hulitupa. Atakaye mafuta huziacha mbegu zikomae. Huyu amezizuia mbegu zisizaliwe. Kila manufaa ambayo kwayo mmea huu hutetewa, yeye mwenyewe ameyaondoa kwa mkono wake, akabakisha kile kimoja kiondoacho akili. Basi asiseme "ni mmea tu". Mmea ulikuwa uani. Kilichobaki mezani baada ya mkasi ni nia yake, imechambuliwa ikaonekana wazi.

Hoja ya pili ni ya werevu zaidi. Wataalamu wa sayansi wameeleza kwamba katika mmea mbichi sehemu kubwa ya kitu kile bado haijawa kileo, na kwamba ni moto ndio ukigeuzao. Huenda basi mtu akasema: mimi nilichokishika hakilevyi, atakayekitia moto ndiye mwenye dhambi. Hapa twamkumbusha mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) katika jambo la ulevi. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume alilaani watu kumi kwa ajili ya pombe: akamtaja mwenye kuikamua na mwenye kukamuliwa, mwenye kuichukua na mwenye kuchukuliwa, mwenye kuitia kikombeni, mwenye kuiuza, mwenye kula thamani yake, mwenye kununua na mwenye kununuliwa, na yule mwenye kuinywa. Katika kumi hao mnywaji ni mmoja. Na tumfikiri yule mkamuaji: maji ya zabibu yaliyo mikononi mwake saa ile anapoyakamua bado ni matamu na ni halali, angeyanywa pale pale asingekuwa na dhambi. Hakulaaniwa kwa yalivyo sasa, bali kwa yale anayoyatengenezea yawe. Na mchambuaji wa bangi na mkamuaji wa zabibu ni ndugu wawili katika kazi.

Ama kwamba bangi yaingia katika hukumu hiyo, maulamaa wameliangalia jambo hili zama nyingi. Al-Qarafi, katika Wamaliki, aliyefariki mwaka 1285, aliona kwamba hashishi huharibu akili wala si kileo kama pombe. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliona kwamba ni kileo na hukumu yake ni ya pombe. Na Az-Zarkashi, katika Mashafi wa Misri, aliyefariki mwaka 1392, aliandika risala mahsusi ya kuharamisha. Wametafautiana katika adhabu na katika najisi; hawakutafautiana kwamba kuitumia ili kuiondoa akili ni haramu, kwa kuwa akili ni moja katika yale mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda.

Huenda msomaji mwenye insafu akatuuliza: Je, mwenye duka aliyeuza mkasi naye yumo? Na aliyeuza chupa? Na aliyeuza samadi? Tukisema kila mmoja yumo, dunia nzima itakuwa na dhambi, na dini itakuwa nzito isiyobebeka. Suala hili ni la haki, na jawabu lake ni mizani yenye visahani viwili: kujua na ukaribu. Maulamaa wetu wamesema kwamba kumuuzia zabibu mtu unayejua kuwa atazifanya pombe ni haramu, na ukiwa washuku tu, ni makuruhu. Mwenye duka hajui, na mkasi una kazi elfu, hana lawama. Lakini kila hatua mtu anapokaribia ule moto, kazi nyengine zinapungua na kujua kunazidi. Aliyeketi mezani, ua mkononi, utomvu vidoleni, hana la kusema kwamba hakujua, na kazi aifanyayo haina lengo jengine alilolibakisha.

Hapa ndipo palipo jambo tulilosema ni kubwa kuliko bangi. Watu wa zama hizi wamejifunza kuikata dhambi vipande. Huyu alima, yule aanika, wa tatu achambua, wa nne achukua, wa tano auza. Na kila mmoja akitazama kipande chake akiona ni kidogo, hakina hata harufu. Katika kaunti ya Humboldt, kaskazini mwa California, ilikuwa desturi kila msimu wa mavuno watu wa nchi mbali mbali kukusanyika kuchambua maua kwa ujira wa ratili, na bila shaka katika hao walikuwamo wasiovuta kabisa. Lakini wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na walisema haba na haba hujaza kibaba. Ikiwa kibaba kimejaa, haba zilitoka wapi? Dhambi ikigawanywa haipungui. Huongeza wenyewe tu.

Wala asijitetee mtu kwa kusema, "Nisipofanya mimi, atafanya mwengine." Huenda ni kweli, na bangi ile itachambuliwa ile ile. Lakini siku ya hisabu hatuulizwi kama dunia ilibadilika kwa sababu yetu. Twaulizwa mikono yetu ilifanya nini. Na tumeamrishwa tusaidiane katika wema na uchaji Mungu, tukakatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui.

Ama sheria ya nchi, ruhusa yake humtoa mtu katika jela, haimtoi katika hisabu ya Mola wake. Hapa Kenya sheria ya mwaka 1994 ya madawa ya kulevya yakataza kuulima mmea huu, na yatupasa kuitii. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 2022 mmoja wa wagombea urais alinadi kilimo cha bangi kuwa ni njia ya kulipa madeni ya nchi, na ingawa hakushinda, maneno yake yalipendwa na vijana. Twawauliza wazazi: mwanao aiachaye bangi kwa kumuogopa askari peke yake, atasimama juu ya nini siku askari atakapoondoka njiani?

Wala hatusemi haya kwa kuifunga milango ya tiba. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa iitwayo Epidiolex, itokanayo na mmea huu huu, kwa watoto wenye aina nzito za kifafa. Na kitu kilichomo katika dawa hiyo si kile kilevyacho. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa na tabibu mwaminifu, na mfanyakazi aitengenezaye dawa hiyo, suala lao ni jengine, kwa kuwa lengo ni jengine. Hukumu hufuata sababu yake; ndiyo maana hatukuuhukumu mmea, tumehukumu kazi.

Basi kijana wetu twamjibu hivi: kuchambua huko usikufanye, kwa ujira wala kwa hisani. Lakini haki ya jirani ipo pale pale, Mwislamu akiwa au asiyekuwa Mwislamu. Usimtukane mwenzio wala usimdharau; mwambie kwa upole kwamba dini yako yakuzuia mkono huo, na mpe mikono mengine yote: mpikie siku za kazi yake, msafishie theluji mlangoni, muuguze akiugua, mlipie deni la wema wake kwa wema ulio safi. Mtu mwema huifahamu sababu akielezwa kwa adabu, na huenda heshima yake kwako ikazidi.

Na nyinyi ndugu zetu wa mijini huku pwani, msidhani kwamba maneno haya yamewahusu wa Kanada peke yao. Mnazi ni mti wa baraka: watupa nazi, makuti, kumbi na kamba; na tembo lake likigemwa asubuhi ni tamu, lafaa kwa siki na kwa mikate. Lakini yuko amkodishaye mgema minazi yake naye ajua kwamba tembo lote laenda kilabuni, kisha ashika tasbihi akisema, "Mimi situmii." Yuko mwenye nyumba apangishaye chumba cha nyuma, akapokea kodi, na ajua ni nini kifungwacho humo usiku. Yuko mwenye chombo apakiaye mzigo asioufungua, kwa kuwa hataki kuujua. Hawa wote hawavuti wala hawanywi. Kila mmoja na atazame mkono wake uko karibu kiasi gani na ule moto, na aurudishe maadamu Mwenyezi Mungu amempa nafasi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na za watoto wetu, na aisafishe mikono yetu kama tupendavyo asafishe ndimi zetu. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.