Upweke wa Mpanda Mlima

Je, mtu apandaye mlima peke yake ameachana na wenzake? Swali hili tulitoka nalo Bagamoyo siku moja ya masika, tulipokwenda Morogoro kuikwea milima ya Uluguru bila ya mwenzi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ukungu ukaufunika msitu. Tulijisifu moyoni kwamba siku ile hatukumtegemea yeyote.

Lakini njia tuliyoifuata haikupasuliwa na miguu yetu. Waluguru wameipita vizazi kwa vizazi. Na maji yaliyotiririka juu yake yalikuwa na safari yao: huteremka kwa vijito hadi mto Ruvu, nao huingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Kabla ya kufika huko, mto huo huwanywesha watu wa Dar es Salaam. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976.

Basi, msitu ukifyekwa huko juu, udongo huporomoka na mto huchafuka. Naye mwenye ndoo huku pwani hulipa deni la mtu asiyemjua.

Wazee wetu walisema, mtu ni watu. Sisi tulidhani neno hilo linahusu ndugu na jirani tu. Kumbe jirani ni kila atakayekunywa maji yaliyopita miguuni petu. Mtu aweza kutembea peke yake. Hawezi kutenda peke yake.

Jioni tulishuka tumelowa chapachapa, wala hatukujisifu tena.