Sadaka ya Baisikeli na Deni la Vita

Tumeulizwa na mmoja katika ndugu wanaohudhuria darasa zetu: je, lina kheri jambo hili lifanywalo na watu wa Uingereza, la kukusanyika waume kwa wake juu ya baisikeli, wakapita siku kadha katika viwanja vilivyopiganwa vita vikuu, na kwa safari hiyo wakachangisha fedha za kuwasaidia askari waliojeruhiwa? Ni sadaka hii, au ni matembezi yaliyovishwa kanzu ya sadaka? Na muulizaji ameongeza neno lililo zito kuliko swali lake, akasema: askari wenyewe wengi wao walijeruhiwa Iraki na Afghanistan. Swali hili hatuwezi kulijibu kwa ndiyo wala kwa siyo.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lijulikane. Katika mwaka wa 2007, Bryn Parry, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi na kisha mchoraji wa vibonzo, alikwenda pamoja na mkewe Emma kuwazuru majeruhi katika hospitali ya Selly Oak mjini Birmingham. Wakatoka huku nyoyo zao haziwapi raha, wakaazimia kufanya jambo, na fikra iliyowajia ni safari ya baisikeli. Walipouliza fedha zitakazopatikana zifanyiwe nini, wakaambiwa kuwa panatakiwa birika la kuogelea katika nyumba ya jeshi ya Headley Court, walipokuwa wakipelekwa majeruhi ili viungo vyao virejewe na nguvu. Basi mwezi wa Oktoba mwaka huo wakaasisi jumuiya yao, Help for Heroes, na katika mwaka wa 2008 wapanda baisikeli wapatao 300 wakavuka viwanja vya vita vya kaskazini ya Ufaransa hadi London. Birika likajengwa, likafunguliwa mwaka wa 2010. Na safari ile ikarudiwa katika miaka iliyofuata, na jumuiya nyinginezo zikawa na safari mfano wake.

Taratibu yake ni hii. Mwenye kutaka kwenda hujifunga kuleta kiasi fulani cha fedha. Huwaendea jamaa zake, majirani zake na wenziwe wa kazini, akawaambia: mimi nitapanda baisikeli siku kadha kwa ajili ya majeruhi, nanyi niahidini kitu. Kisha huenda. Njiani husimama penye makaburi, wakaelezwa khabari za vita vilivyopiganwa pale. Wafikapo mto wa Somme huambiwa kuwa siku moja tu, tarehe 1 Julai 1916, jeshi la Uingereza lilipata khasara ya watu 57,470, na katika hao 19,240 walikufa. Na pale Thiepval huliona jengo kubwa la ukumbusho lililochorwa majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao maiti zao hazikupatikana au hazikutambulikana. Kisha hupanda tena vyombo vyao wakaendelea.

Watu wengi, wasikiapo haya, neno lao la kwanza ni kuwa hili ni jasho lisilo kazi. Mwenye kuchimba kisima hutoka jasho, na jasho lake likawa maji. Huyu mpanda baisikeli, jasho lake limezaa nini? Lau wale jamaa zake wana huruma na majeruhi, kwa nini wasitoe fedha zao bila ya yeye kuumia magoti? Hoja hii yaonekana ina nguvu, lakini sisi hatuioni hivyo. Mtu humpa mtu. Ni wachache wanaoipa hospitali iliyo mbali wasiyoijua. Huyu aliyemwendea jirani yake angekwenda mikono mitupu, angepewa kidogo kwa haya, ikawa basi. Lakini amekwenda na rehani ya mwili wake, amesema: mimi natoa hiki, wewe watoa nini? Na kwetu je? Msikiti ukijengwa mtaani, mzee asiye na nguvu naye huinuka akashika jiwe moja akampelekea fundi. Fundi hana haja na jiwe la mzee. Kijana mmoja wa kazi angeleta mawe ishirini kwa muda ule. Walakini hakuna aliyemwambia mzee kuwa ataka mchezo.

Wala si kila baisikeli iliyopita katika viwanja vile ilipita kwa nia moja, na hili twalitaja khasa kwa sababu wengi hawalijui. Katika mwaka wa 1919, miezi mitano na kitu baada ya bunduki kunyamaza, gazeti la Paris liitwalo Le Petit Journal liliandaa mashindano ya baisikeli ya kuzunguka viwanja vya vita. Yalianza Strasbourg tarehe 28 Aprili, yakapita Luxembourg na Brussels na Amiens na Paris, yakarudi Strasbourg. Masafa ya kilomita kama 2,000 katika mikondo saba. Barabara zilikuwa mashimo ya mizinga. Miji ilikuwa vifusi. Mvua na theluji zikawaandama. Walioanza walikuwa 87 na waliomaliza 21, na mshindi alikuwa Mbelgiji, Charles Deruyter. Mkondo wa Brussels hadi Amiens ulimchukua zaidi ya saa kumi na nane, akafika usiku. Na maiti wangali ardhini pale, hawajafukuliwa wala kuzikwa maziko yao! Hapana shaka gazeti lilisema kuwa ni kuiadhimisha nchi na ushindi wake. Lakini gazeti huishi kwa kuuzwa, na mashindano huliuza. Njia ni ile ile, chombo ni kile kile, uchovu wa yule wa 1919 ulizidi mara nyingi wa hawa wa 2008. Na hata hivyo mtu mwenye akili hawezi kuziweka safari hizi mbili katika chungu kimoja. Basi si baisikeli iliyo na hukumu, wala si uwanja.

Ama riya, yaani kutoa ili watu waone, hilo twalipita upesi. Wamo bila shaka waendao kwa ajili ya picha na sifa, kama walivyomo kwetu wanaosubiri wapige hema na kualika watu ndipo wagawe magunia ya mchele. Mizani ya nyoyo haiko mikononi mwetu.

Sasa tufike penye uzito. Tumesema birika lile lilijengwa katika nyumba ya jeshi. Jeshi ni la nani? Ni la dola. Kijana yule hakujipeleka vitani kama mtu aendaye kuvua kwa bahati yake. Alitumwa, akapewa amri, naye alikwisha kula kiapo kuwa atatii. Aliyemtuma ana hazina, ana watoza kodi, na zilipotakiwa fedha za ndege na mizinga zilipatikana, wala hatukusikia kuwa mawaziri walipanda baisikeli kuzichangisha. Iweje basi, alipotakiwa yule kijana birika la kujifunzia kutumia mwili uliobaki, ikabidi raia wapite milango ya watu na karatasi za ahadi? Mtu aliyevunjiwa mguu katika kazi ya mwajiri wake, ana haki juu ya mwajiri. Na haki ikigeuzwa jina ikaitwa sadaka, haibaki kuwa ile ile. Mwenye haki hudai, na mpewa sadaka hushukuru. Haki hailegei mdaiwa akichoka; ama sadaka, mtoaji akichoka au akipata jambo jingine la kumshughulisha, imekwisha, wala hana lawama. Tena sadaka humfuata anayependeza. Kijana mzuri wa sura, mwenye medali kifuani na miguu ya bandia, picha yake ikitundikwa huwatoa watu machozi na fedha. Lakini yuko mwenziwe wa kikosi kile kile ambaye mwili wake ni mzima na akili yake imevunjika, hulala mchana na kupiga kelele usiku, mke amemkimbia. Huyu haki ingemfikia kwa jina lake katika daftari. Sadaka itamjuaje?

Hatusemi kwa sababu hii kuwa wale wapanda baisikeli walikosea. Mtu akilala njiani na damu yamtoka, huwezi kumwambia: subiri kwanza nimtafute aliyekugonga, kwani yeye ndiye apasaye kukutibu. Majeruhi hawawezi kungojea mpaka hazina ione haya. Lakini mwenye kumbeba yule wa njiani, akiisha kumfikisha kwa tabibu, na akawa amemwona aliyemgonga, akanyamaza, hapo ana la kuulizwa.

Na hapa ndipo lijapo lile neno la muulizaji juu ya Iraki na Afghanistan. Waasisi wa jumuiya ile walitangaza kuwa wao hawamo katika siasa, hawahukumu vita wala hawamlaumu mtu. Haja yao ni majeruhi tu. Kando ya kitanda cha mgonjwa neno hili ni sawasawa. Anayemwosha mtu kidonda hamuulizi alikuwa upande gani, na kumhurumia asiye na miguu si kuikubali vita iliyomkata. Ndugu muulizaji asiogope kuwa akimwonea huruma kijana wa Kiingereza atakuwa amewasaliti watu wa Basra au Helmand. Kijana yule hakuziamua vita zile. Walioziamua walikuwa wamekaa vitini.

Walakini unyamavu uliofaa kitandani haufai kila mahali. Askari wa Uingereza waliokufa katika Afghanistan ni 457, na katika Iraki 179, na kila mmoja jina lake lajulikana na mama yake ajulikana. Raia wa Iraki waliouawa tangu 2003 ni zaidi ya laki moja, na hakuna aliyewapandia baisikeli. Mtu akisimama chini ya majina 72,000 pale Thiepval, akaelezwa jinsi majemadari walivyowapeleka watu kifuani mwa bunduki, kisha akapanda chombo chake pasina kuuliza ni nani aliyewapeleka hawa, na ni nani awapelekaye wa leo, huyo ametazama kwa jicho moja. Viwanja vile si mandhari ya kupitia tu. Lau wangetaka mandhari, milima ya Uswisi ni mizuri zaidi.

Na sisi huku pwani, tusidhani kuwa twazungumza mambo ya watu wa mbali. Kiwanja cha vita ile ile ya 1914 hadi 1918 tunacho. Kiko njiani baina ya Voi na Taveta: Maktau, kisha kilima cha Salaita kilichopiganiwa tarehe 12 Februari 1916, kisha Latema na Reata mwezi wa Machi mwaka huo. Watalii hupelekwa huko leo kuoneshwa mahandaki. Katika vita ile Waingereza na wenzao walichukua wapagazi Waafrika wapatao milioni moja, wengi wao si kwa khiari yao, wabebe vyakula na risasi hadi kusini ya Tanganyika. Waliokufa huhesabiwa karibu 100,000, na wako wasemao ni zaidi. Na wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Mishahara ya wengi katika waliokufa haikuwafikia warithi wao. Kilichobaki ni majina ya mitaa, Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na zile sanamu, moja yake iko hapa Mombasa. Twapita mbele yake kila siku. Ina sura za askari, haina orodha ya watu.

Katika mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake, ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na yamkini hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Tume hiyo hiyo ndiyo itunzayo Thiepval. Kule, mtu ambaye hakuonekana hata mfupa wake alichorwa jina juu ya jiwe; huku, mtu aliyekuwa na baba na ukoo na kijiji alihesabiwa kama gunia.

Na waliopigana katika vita ya pili, hadi Burma, bahashishi yao walipoachiliwa ilipimwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata kama thuluthi ya alichopata Mzungu wa cheo chake. Nyaraka za jambo hili zilitolewa hadharani katika mwaka wa 2019. Mwaka mmoja kabla yake, serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 za kuwalisha wazee hao wa nchi za Madola na wajane wao waliokuwa katika ufakiri. Walioshiba kwa fedha hizo wameshiba, na hatumkatazi mwenye njaa chakula. Lakini itazameni ilitoka katika mfuko gani: ilitoka katika mfuko wa misaada ya maendeleo. Mdaiwa ameinama miaka sabini na tatu, kisha ameinuka akatoa zaka badala ya deni, na akashukuriwa.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni kuwa safari ile ni njema kwa mwenye kwenda, na fedha zake ni halali kwa mwenye kupewa, na lawama iko kwa dola iliyoacha haki ikaombwa mlangoni. Na ikiwa vijana wetu, kama alivyotudokeza muulizaji, wataka nao kutoka Voi kwa baisikeli hadi Taveta, na waende. Njia ni kama kilomita 110, maji ni haba, na jua la Maktau si la mchezo. Lakini kabla ya kutafuta wadhamini, kila mmoja na akae na wazee wa ukoo wake, awaulize ni nani aliyechukuliwa Kariakoo asirudi, aandike jina lake na jina la babake na kijiji chake. Kijana aliyepanda na jina moja la kweli mfukoni, na akafika Salaita akalisoma kwa sauti, kisha akaipelekea tume ile iliyoomba radhi, ni bora kwetu kuliko msafara wa watu mia wenye fulana za rangi moja.