Mvuto wa Mchezo na Haki ya Mtazamaji

Ni nini kidumishacho tamthilia ya televisheni misimu mingi? Swali hili lafaa kuulizwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwani Wasukuma walishindania watazamaji kwa ngoma vizazi kadhaa kabla ya televisheni. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga mahasimu Ngika na Gumha, hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Mtazamaji yu huru kuhama. Penye umati mkubwa ndipo penye ushindi, na sifa ya mwaka jana haimfungi mtu miguu. Kwa hiyo hutafutwa vituko vipya, chatu wakiwamo, na hata dawa ya kuvuta watu.

Tamthilia nayo ina dawa yake: siri ikatwayo katikati. Kuvuta si kosa. Kosa ni kuvuta kwa ahadi isiyokusudiwa kutimizwa. Katika Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, Mkwaju, dereva wa lori aliyependa wanawake wengi, alipatwa na UKIMWI, akafa. Waandishi hawakumponya ili wambakize. Mchezo uliendelea pasipo yeye.