Mji wa Mimba na Suala la Kadari

Miongoni mwa lawama zitolewazo kwa wepesi katika mitaa yetu ya Bombambili, kwa Waislamu na kwa Wakristo sawasawa, hapana iniumizayo moyo kama ile ya kusema juu ya mke aliyekaa miaka bila mtoto kwamba tumbo lake halishiki, kisha kuongeza kuwa ndiyo kadari ya Mungu. Maana kwa maneno hayo mawili mwanamke hutiwa hatiani, na Mola hufanywa shahidi wa mashitaka.

Laiti wasemao hivyo wangalijua yatendekayo ndani yake kila mwezi! Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni itokayo katika ovari huujenga upya utando wa mji wa mimba uliobomoka. Yai likishatoka, kifuko lilichokiacha hugeuka tezi ya muda na kumwaga projesteroni, ambayo kwayo mishipa ya damu hujisokota, tezi za utando hujaa glikojeni, na seli zake huvimba na kubadilika umbo, zikimngojea kiumbe ambaye pengine hakutungwa kamwe. Kiinitete kikiwapo, huingia katika mji wa mimba siku ya nne au ya tano baada ya yai kurutubishwa, na utando huwa tayari kukipokea kwa siku chache tu. Kwa panya, na wanyama wengi wengineo, seli hizo hazigeuki hivyo mpaka kiinitete chenyewe kifike. Binadamu, pamoja na wachache mno, wakiwamo baadhi ya popo, hutandika kitanda kabla mgeni hajajulikana.

Je, mwezi upitao bila mgeni, kazi yote hiyo ilikuwa abathi? Mimi nasema hasha. Wajibu wa utando ni kujiandaa, nao umeutimiza. Kiinitete kisipojishikiza, mara nyingi ila imo katika kiinitete chenyewe, hata kwa wazazi walio wazima kabisa, na wala si haki kumdai mama kile ambacho mwili wake haukuahidi.

Tena wakati nao una siri zake. Mwaka 1965 mwanazuolojia Festo Mutere alitangaza habari za popo walao matunda wa Kampala, ambao majike yao hutunga mimba kati ya Aprili na Juni, kisha kiinitete hukaa miezi kadhaa bila kujishikiza, hata ikafika mnamo Oktoba ndipo kikashika, na watoto wakazaliwa Februari na Machi. Nani angethubutu kumwita jike yule tasa mwezi wa Agosti?

Sikanushi kadari, naiamini. Lakini naona watu wakiitaja mbele ya mke peke yake, hali mume, ambaye mbegu zake zaweza kuwa ndizo zenye upungufu, hajapata hata kuambiwa aende hospitali akapimwe.