Choma Nira Yako, Si Shamba la Mama

Somo: 1 Wafalme 19:19-21, Luka 14:28-30



Sisi wa Free Area tumezoea sauti ya ndege zikielekea Lanet. Watoto hukimbia nje kuangalia juu. Wengi wetu tuliangalia hivyo tukiwa wadogo, halafu tukakua, tukatafuta kazi. Lakini kuna ambao hawakuacha kuangalia juu.

Ndugu mmoja wa hapa kanisani alinijia baada ya ibada ya Jumatano, na amenipa ruhusa niwaeleze. Ana miaka thelathini na moja, ni karani wa hesabu katika ofisi moja pale town. Alikuwa na bahasha. Akaniambia, "Pasta, Mungu ameniita niwe rubani. Ijumaa naacha kazi. Nimekuja tu uniombee."

Nikafungua bahasha. Ndani kulikuwa na barua ya kuacha kazi, na chini yake nakala ya hati ya shamba kule Bahati. Jina kwenye hati halikuwa lake.

Nikamuuliza, "Mama anajua?"

Akanyamaza.

Wapendwa, nina digrii ya biashara. Mngetarajia nimpigie hesabu pale pale. Lakini kilichonijia akilini ni aibu yangu mwenyewe. Kabla ya kuingia katika huduma nilifanya kazi ofisini miaka minne. Nilipoitwa, niliandika barua nikatoka siku moja, na nikasimama mbele ya watu kushuhudia jinsi nilivyoacha yote kwa imani. Jambo ambalo sikusema ni kwamba nilikuwa na mkopo, na wadhamini wangu wawili walikatwa mshahara miezi saba kwa sababu yangu. Mimi nilipata ushuhuda, wao wakapata deni. Nimewarudishia pesa zote. Mmoja tunasalimiana. Mwingine, nikimwona Gilanis, bado anavuka barabara.

Kwa hivyo nikamfungulia ndugu yangu habari za Elisha.

Kwanza, Elisha alichoma kilicho chake. Alikuwa akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe, yeye mwenyewe akiwa na ile ya kumi na mbili. Eliya akamtupia vazi. Elisha akachinja ile jozi ya ng'ombe, akatumia mbao za nira kuwa kuni, akawapa watu nyama wakala. Hakurudi nyuma tena. Lakini angalia vizuri: siku ya kuondoka kwake watu walishiba. Hakuna mahali tunasoma kwamba jirani alibaki akidai. Ukiitwa na Mungu, walio karibu nawe wasibaki na njaa.

Pili, aliaga wazazi. Aliomba akawabusu baba na mama kwanza. Wito unaoogopa kusikiwa na mama yako, huo uuchunguze tena.

Tatu, baada ya kuchoma nira hakuwa nabii kesho yake. Alienda kuwa mtumishi. 2 Wafalme 3:11 inamtambulisha kama yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Hiyo ndiyo shule yake.

Kwa marubani ni vivyo hivyo. Mwenye kutaka kurusha ndege huanza na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, ampime macho, masikio, moyo na mengine. Leseni ya rubani binafsi inahitaji angalau saa 40 angani. Ya kulipwa ni saa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. Ya kuwa rubani mkuu katika shirika kubwa inahitaji 1,500. Kila saa inaandikwa kitabuni, na kila saa inalipiwa. Mpaka umalize ni mamilioni. Na leseni si kazi: wako walio na leseni wanaotafuta nafasi, na mwaka 2020 korona ilipofika hata wenye uzoefu mkubwa walikaa nyumbani. Hakuna upako unaoandika saa ambazo hujaruka.

Hata hapa karibu tuna mfano. Beryl Markham alikulia Njoro, akawa mfunzaji wa farasi wa mashindano, kisha akaacha akageukia ndege. Wengi wanamkumbuka kwa Septemba 1936, alipovuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada, akaangukia kinamasi na kutoka hai. Sisemi maisha yake yote ni kielelezo cha Mkristo. Nasema kabla ya siku hiyo alikuwa amebeba barua na abiria huku kwetu miaka kadhaa. Sifa zilikuja baada ya saa.

Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza ahesabu gharama. Kuhesabu si kukosa imani. Bwana ndiye aliyetuagiza.

Ndugu yetu hakuacha kazi Ijumaa ile. Jumamosi alipanda matatu ya Bahati akamwambia mama kila kitu. Mama alikataa shamba, akasema hapo ndipo amezikwa baba yenu. Kisha akamwekea mikono akambariki. Alienda kupimwa, akapita. Sasa mwisho wa mwezi, akiwa na akiba, anaenda uwanja wa Wilson, Nairobi, anaruka saa moja, anarudi. Kitabu chake kina saa 11. Jumatatu asubuhi bado ni karani, na siwezi kuwaambia kama atawahi kufika 200. Lakini hakuna mtu analipa deni lake.

Mpendwa, labda wewe si ndege. Ni biashara, ni masomo, ni Qatar. Kabla ya kuandika barua ile, uliza: ninachokichoma ni cha nani?

Maombi: Bwana, tupe ujasiri wa kuacha kilicho chetu, na hofu ya kugusa kisicho chetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani: Ni nani amewahi kulipia imani yako? Wiki hii utamwendea?