Naye Mnasihi, Nani Anamsikiliza?

Novemba 15, 2015, wachimbaji watano waliofukiwa katika mgodi wa Nyangarata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa wameponea mizizi, mende na vyura. Nchi ilistaajabu, kisha habari ikapoa. Lakini kwa aliyetoka shimoni kazi ndiyo kwanza inaanza: kuthubutu tena kulala taa ikiwa imezimwa. Na akipata wa kumsikiliza, huyo msikilizaji naye anaanza kuubeba mgodi.

Ukanda huu wa Shinyanga na Geita haujawahi kukosa vya kusikiliza. Wapo waliopoteza ndugu kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, watoto wenye ualbino waliokimbiziwa kituo cha Buhangija wasikatwe viungo, vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu moshi wa jikoni umeyafanya macho yao kuwa mekundu. Mengi ya hayo huishia mezani kwa afisa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Mfikirie afisa huyo akiwa na mtoto asiyesema neno, anayetazama dirisha tu. Anainuka, analifunga, anarudi kuketi. Mtoto bado anatazama. Anainuka tena. Jioni nyumbani akiulizwa kazi ilikuwaje, hujibu, "Salama tu," maana siri si yake kuitoa.

Sisi tunamsifu: ana moyo. Nadhani sifa hiyo mara nyingi ni ubahili wa msaada uliovikwa kanga mpya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuchoshwa na kazi kwa namna hii hutokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Halikumlaumu mtu kwa udhaifu wake. Mchimbaji analijua hilo: duara halisifiwi kwa ujasiri wa kusimama bila matimba, zile mbao za kulitegemeza. Linapigwa matimba.

Cha ajabu, tunajua kutegemezana. Kwenye msiba majirani hulala matangani, wakapika na kuteka maji, na hakuna anayemwambia mfiwa ajikaze peke yake. Kwa nini basi anayeingia kwenye misiba ya watu kila siku tumwachie moyo wake tu? Wanaodumu katika kazi hii si lazima wawe wagumu kuliko wenzao. Wana mkubwa wa kazi wa kuketi naye na kulieleza shauri bila kutaja jina la mtu. Wana siku ya kupumua baada ya shauri zito. Wanaruhusiwa kusema, "Hili limenizidi," bila kuandikiwa barua. Semina ya hotelini yenye posho si mbaya, ila huisha Ijumaa, na Jumatatu foleni iko mlangoni.

Na kwenye kata yenye afisa mmoja, mkubwa huyo ni nani? Pengine ni mwenzake wa Kahama au Mwanza, anayepokea simu saa kumi na mbili jioni. Vocha anajinunulia mwenyewe.