Unga Ulioshauzwa

Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha vibali vya chapa tano za unga wa mahindi na kuagiza unga huo uondolewe sokoni. Ulikuwa na aflatoksini, sumu ya kuvu, na kusonga ugali hakuimalizi.

Ndugu mwenye duka hapa Nyeri akaniuliza: "Pasta, uliobaki nimetoa. Na ule nilioshauza?"

Mimi nilisomea biashara. Darasani kitu kikishauzwa, unaandika mapato, unafunga kitabu. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora, haki ya kulindwa afya yake, na fidia akidhurika. Na Kutoka 21 inasema juu ya ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe: mwenyewe akiwa ameshaonywa na asimfunge, hatia ni yake pia. Kosa linaanzia pale alipojua.

Nikamwambia, "Si uko na daftari la madeni? Mtu akichelewa kulipa, unamjua mpaka mlango."

Akacheka kidogo tu. Jioni hiyo akaanza kupiga simu. Wawili walitaka pesa zao, akawarudishia kutoka mfukoni.